Indianapolis Star: Kutoka Mkono wa Pulliam Hadi Mkono wa Wadai

Jumanne ya tarehe 31 Machi 2015, gazeti la Indianapolis Star lilitoka na ukurasa wa mbele mweusi tii. Wiki hiyo mji ulikuwa unajiandaa kupokea nusu fainali na fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, na kwa kawaida ukurasa huo ungejaa picha za wachezaji. Badala yake yalikuwapo maneno matatu makubwa meupe yanayowaamrisha viongozi wa jimbo la Indiana warekebishe mambo sasa hivi. Siku tano kabla, Gavana Mike Pence, huyu aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Donald Trump, alikuwa ametia saini sheria ya uhuru wa dini ambayo wapinzani wake walisema inawapa wafanyabiashara mwanya wa kuwanyima huduma wapenzi wa jinsia moja. Tarehe 2 Aprili sheria ikarekebishwa.

Hapa tusilivike gazeti kilemba cha ukoka. Makampuni makubwa yalikuwa yamekwisha kupaza sauti, na hata NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo ambacho makao yake makuu yako humo humo mjini, kilikuwa kimeonyesha wasiwasi hadharani. Gavana alisikia zaidi mlio wa fedha kuliko mlio wa tahariri. Kinachonivuta ni kwamba gazeti hilo hilo lilikuwa limetumika kwa miongo mingi kama sauti ya wahafidhina wa Indiana, chama cha Pence chenyewe. Na miaka saba tu baadaye, mwaka 2022, kampuni inayolimiliki iliwaeleza wahariri wake kote Marekani kwamba wasomaji wamechoka kuambiwa la kufikiri, kwa hiyo kurasa za maoni zipunguzwe.

Gazeti lililokuwa na sauti ya bwana mmoja likapata sauti yake, kisha likaambiwa sauti haina soko. Historia ya magazeti ya miji ya Magharibi ya Kati ya Marekani, kuanzia Cleveland hadi Des Moines, unaweza kuisoma karibu yote ndani ya hili moja.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kwanza kuelewa kitu chenyewe. Magazeti yetu makubwa ya kila siku hutoka Dar es Salaam au Nairobi na kulihudumia taifa zima. Marekani mambo yalikuwa kinyume. Kila mji wa kadiri ulikuwa na gazeti lake, wakati mwingine matatu au manne, lenye mwandishi wake mahakamani, mwingine polisi, mwingine bodi ya shule, na ukurasa wa vifo ambao wazee waliuanza kabla ya chai. Lilibeba pia matangazo madogo madogo ya kazi, nyumba na magari yaliyotumika, na hayo ndiyo yaliyolipa mishahara. Msomaji alidhani ananunua habari. Mwenye gazeti alijua kuwa anauza nafasi ya tangazo la gari.

Star lilianzishwa tarehe 6 Juni 1903 na George McCulloch, mfanyabiashara wa Muncie, mji mdogo ulio kaskazini mashariki mwa Indianapolis. Katika miaka mitatu lilikuwa limewameza washindani wawili wa zamani, Journal na Sentinel. Baadaye likashikwa na John C. Shaffer, aliyekuwa na magazeti kadhaa na kuishi karibu na Chicago. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoandika kana kwamba mmiliki asiyeishi mjini ni ugonjwa ulioletwa na karne hii.

Lakini jina lililokaa ni la Eugene C. Pulliam, aliyelinunua mwaka 1944. Alizaliwa Kansas mwaka 1889, mtoto wa mmishenari wa Kimethodisti. Akiwa mwanafunzi wa Chuo cha DePauw mwaka 1909 alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha Sigma Delta Chi, umoja ambao leo ni chama kikubwa cha waandishi wa habari Marekani na ambao kanuni zake za maadili hufundishwa mpaka kwenye vyuo vya mbali. Miaka minne baada ya kununua Star akachukua pia Indianapolis News, gazeti la jioni lililokuwapo tangu 1869. Asubuhi yake, jioni yake. Juu ya Star aliweka mstari kutoka Waraka wa Pili kwa Wakorintho: alipo Roho wa Bwana, hapo ndipo penye uhuru.

Uhuru huo haukuwafikia wote waliotaka nafasi kwenye ukurasa wake wa kwanza. Mwaka 1968 Seneta Robert Kennedy alikwenda Indiana kugombea katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic. Ni huko Indianapolis, usiku wa tarehe 4 Aprili, alikowatangazia watu weusi waliokusanyika kumsikiliza kwamba Martin Luther King ameuawa. Pulliam hakumtaka. Magazeti yake mawili yalimbeba Gavana Roger Branigin siku baada ya siku, yakampa kurasa za mbele na picha nzuri, huku Kennedy akitafutiwa kila tundu. Watu wa kampeni yake walilalamika kwa sauti. Wapigakura nao wakafanya yao: Kennedy akapata asilimia 42, Branigin 31, Eugene McCarthy 27.

Matokeo hayo yananifanya nisite kila ninaposikia kwamba gazeti la mji lilikuwa linaendesha akili za watu. Bwana mwenye gazeti la asubuhi na la jioni, katika mji usio na gazeti jingine kubwa, alishindwa kumpa ushindi gavana aliyeko madarakani. Nguvu ya gazeti ilikuwa mahali pengine, na ili kuiona inabidi turudi nyuma kidogo, tena kwa mshindani wa Star.

Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ilikuwa imekamata Indiana kuliko pengine majimbo yote ya kaskazini. Kiongozi wake, D. C. Stephenson, alijigamba kwamba yeye ndiye sheria katika jimbo hilo. Mwaka 1925 alihukumiwa kifungo kwa mauaji ya msichana mmoja aliyekuwa akifanya kazi serikalini. Akiwa gerezani alisubiri msamaha wa Gavana Ed Jackson, rafiki aliyepanda ngazi kwa msaada wa Klan. Msamaha haukuja. Stephenson akaanza kufungua mdomo na masanduku, na waliokuwa tayari kufuatilia nani alipewa nini, lini na kwa ahadi gani walikuwa Indianapolis Times. Meya John Duvall akatiwa hatiani na kufungwa. Gavana akashtakiwa kwa rushwa, akaponea kwa sababu muda wa kisheria wa kumshtaki ulikuwa umepita. Mwaka 1928 Times likapewa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kuu ya uandishi wa habari Marekani, ya utumishi kwa umma.

Times lilifungwa Oktoba 1965. Tuzo haikulilinda na soko, na hilo ni somo ambalo wapenda habari za uchunguzi hawalipendi: uchunguzi haujawahi kulipa gharama zake. Umelipwa siku zote na kitu kingine, iwe ni matangazo ya maduka, majivuno ya tajiri, au aibu ya kushindwa na gazeti la mtaa wa pili. Times lilipokufa, aibu hiyo ikapungua. Indianapolis News nalo lilipozimwa Oktoba 1999, ikaisha. Watu weusi wa mji huo walikuwa na gazeti lao la wiki, Indianapolis Recorder, lililoanzishwa mwaka 1895 na bado linatoka. Walijua kwamba harusi zao, makanisa yao na biashara zao hazingeandikwa kwa heshima mahali pengine kama zilivyoandikwa humo. Anayelilia zama za dhahabu za gazeti la mji aulize kwanza zilikuwa dhahabu ya nani.

Pamoja na hayo yote, ni ndani ya nyumba ya Pulliam, bado yu hai na bado na siasa zake, ambamo kazi kubwa ilifanyika. Mwaka 1974 kikundi kidogo cha waandishi wa Star, akina Harley Bierce, William Anderson na Richard Cady, pamoja na mpiga picha, walikaa miezi sita wakichunguza polisi wa Indianapolis. Walichoandika ni orodha ndefu ya askari waliolinda kamari, ukahaba na dawa za kulevya kwa malipo. Wenye mamlaka walijibu kwa njia inayofahamika kote duniani: waandishi wawili wakashtakiwa kwa kula njama ya kumhonga askari. Mashtaka yakafutwa baadaye, na mwaka 1975, mwaka aliokufa Pulliam, gazeti likapata Pulitzer.

Sipati raha kulieleza hili, maana linaharibu hadithi nyepesi. Mtu yule yule aliyepindisha ukurasa wa mbele dhidi ya Kennedy alilipa mishahara ya miezi sita, na mawakili juu yake, ili polisi wa mji wake wafunuliwe. Naona maelezo mawili. La kwanza, alikuwa mtu wa hapo na aibu ya mji ilikuwa aibu yake. La pili ni kavu zaidi: alikuwa na fedha, na hakuna aliyemdai.

Mjukuu wake Myrta Pulliam, aliyekuwa mwandishi katika gazeti hilo, alishirikiana na Bierce na wenzao kuanzisha mwaka 1975 umoja wa waandishi wa habari za uchunguzi, IRE. Mkutano wao mkuu wa kwanza ulifanyika Indianapolis mwezi Juni 1976. Siku chache kabla, mwandishi Don Bolles wa Arizona Republic, gazeti jingine la familia ya Pulliam, alikufa kutokana na bomu lililotegwa chini ya gari lake huko Phoenix. Wanachama wa umoja huo kutoka magazeti mbalimbali, yaliyozoea kuficheana habari, walikwenda Arizona kuendeleza kazi yake. (Mjukuu mwingine wa Pulliam, Dan Quayle, aliingia siasa na kuwa Makamu wa Rais. Familia moja inaweza kuzaa yote mawili.)

Mwaka 2000 ukoo ukauza. Gannett, kampuni kubwa ya magazeti inayochapisha USA Today, ilinunua kampuni nzima ya Pulliam, pamoja na Arizona Republic, kwa dola bilioni 2.6. Bei hiyo ilikuwa ya dunia ambamo tangazo la kuuza gari bado lilipitia gazetini. Ndani ya miaka kumi dunia hiyo haikuwapo tena. Mwaka 2014 Star likauacha mjengo wa Mtaa wa Pennsylvania lililokaa kwa zaidi ya miaka mia moja, likahamia katika sehemu ya jengo la maduka iliyoachwa na duka la nguo.

Humo ndimo ilimofanyika kazi iliyolifanya jina la gazeti hili lijulikane duniani, na inastahili kuelezwa taratibu.

Mwezi Machi 2016 mwandishi Marisa Kwiatkowski alikuwa akifuatilia shule zinazoshindwa kuripoti unyanyasaji wa watoto. Mtu mmoja akamdokeza atazame kesi iliyofunguliwa katika jimbo la Georgia dhidi ya USA Gymnastics, shirikisho la michezo ya sarakasi na viungo la Marekani. Alipanda ndege siku hiyo hiyo, akarudi na karibu kurasa 1,000 za nyaraka za mahakama. Kwa nini gazeti la Indianapolis lijishughulishe na kesi ya Georgia? Kwa sababu makao makuu ya shirikisho hilo yalikuwa Indianapolis. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 viongozi wa mji huo walikuwa wamejenga uchumi kwa kuyavutia mashirikisho ya michezo. Jambo lililokuwa siri ya taifa lilikuwa, kwa Star, habari ya jirani.

Kwiatkowski, Mark Alesia na Tim Evans, chini ya mhariri wao wa uchunguzi, wakachapa habari ya kwanza tarehe 4 Agosti 2016: shirikisho lilipokea malalamiko ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya makocha na mara nyingi halikuyafikisha kwa vyombo vya dola. Jina la Larry Nassar halikuwamo. Waandishi hawakuwa wakimtafuta. Lakini asubuhi hiyo Rachael Denhollander, aliyewahi kufanya michezo hiyo akiwa mtoto, akaisoma na kuliandikia gazeti barua pepe kwamba aliyemdhulumu hakuwa kocha, alikuwa daktari wa timu. Tarehe 12 Septemba, kabla majuma sita hayajatimia, Star likachapa jina la daktari huyo: Larry Nassar. Chuo Kikuu cha Michigan State, alikofanya kazi, kilikuwa kimechunguza malalamiko dhidi yake mwaka 2014 na kumwacha aendelee na wagonjwa. Januari 2018 zaidi ya wanawake 150 walisimama mahakamani au kusomewa maelezo yao, na Nassar akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175.

Watu husifu ujasiri wa wanawake hao, na ni haki yao. Mimi nataka tutazame pia risiti. Tiketi ya ndege ya siku hiyo hiyo. Mishahara ya watu watatu na mhariri kwa miezi kadhaa bila kudaiwa habari ya kila siku. Mawakili walioingia katika kesi ya Georgia kudai majalada yaliyofungwa yafunguliwe, yakiwamo ya malalamiko dhidi ya makocha 54, na shirikisho likapinga mpaka likashindwa. Na zaidi ya hivyo, jina linalojulikana, ili mtu aliyekaa na uchungu wake kwa miaka 16 aamini kwamba barua yake itasomwa. Jina kama hilo halipatikani kwa kununua tangazo. Linatokana na mambo kama yale ya 1974, na ya 1991 ambapo gazeti lilipata Pulitzer nyingine kwa kuandika juu ya makosa ya madaktari na sheria iliyowakinga, na ya Januari 2015 lilipofichua kwamba Pence alipanga kuanzisha shirika la habari la serikali ya jimbo. Mpango ule ulizimwa kwa kicheko ndani ya siku chache.

Hapa kuna pingamizi la haki. Kazi ya Nassar ilifanyika chini ya Gannett, kampuni ya mbali, isiyo na asili ya Indianapolis. Je, hilo halionyeshi kwamba mmiliki si hoja? Linaonyesha kwamba mmiliki wa mbali anaweza kuacha kazi njema ifanyike pale anapokuta chumba cha habari kinachojua kuifanya na bado hajafikia haja ya kukikata hadi mfupani. Gannett ilirithi desturi iliyojengwa na wengine. Nani angeijenga upya baada ya 2019 ndilo swali.

Mwaka huo Gannett ilinunuliwa na kampuni iliyomiliki GateHouse, mlolongo mwingine wa magazeti, na kampuni mpya ikachukua jina la Gannett. Fedha za ununuzi zilikopwa kutoka Apollo, kampuni ya uwekezaji: takriban dola bilioni 1.8, kwa riba ya asilimia 11.5. Piga hesabu ya haraka. Riba peke yake ni zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka, nazo zilipaswa kukamuliwa kutoka kwa magazeti ambayo mapato yake yanashuka. Sehemu ya deni imelipwa na masharti yamebadilishwa tangu hapo, lakini malipo yalitoka kwa kuuza majengo, kuunganisha kurasa na kupunguza watu.

Mwaka 2023 kampuni ilijaribu programu ya kompyuta iandike habari za michezo ya sekondari. Katika Columbus Dispatch, gazeti dada katika jimbo jirani la Ohio, ikachapishwa habari ambayo mahali pa jina la utani la timu iliyoshinda palibaki maelekezo ya programu, na ya timu iliyoshindwa vivyo hivyo. Jaribio likasitishwa. Mwaka 2024 mtambo mkubwa wa uchapaji wa Indianapolis, uliokuwa na jina la Pulliam, ukafungwa, na gazeti likaanza kuchapwa Peoria, Illinois, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwa msomaji. Kurasa zinazochapwa mbali hivyo hufungwa mapema, na mechi ya usiku inamsubiri msomaji wa karatasi hadi keshokutwa. Mtu anayelipia gazeti la karatasi leo ni mzee aliyelizoea, naye ndiye anayepewa habari iliyolala.

Pulliam alikuwa mbabe, na nisingetaka kuishi katika mji ambao mtu mmoja ana gazeti la asubuhi na la jioni. Ila mbabe wa hapo ana anwani. Unaweza kumkuta kanisani, unaweza kugombana naye, unaweza kuacha kununua gazeti lake naye akajua. Deni halina anwani. Halichukii mgombea yeyote, halimlindi meya yeyote. Linauliza tu mwandishi wa mahakama analeta kiasi gani kwa robo mwaka. Ndiyo maana nasema kupunguzwa kwa kurasa za maoni mwaka 2022 kulitangazwa kana kwamba ni unyenyekevu mbele ya wasomaji, wakati waandishi wa tahariri ni mishahara nao.

Desemba 2023 ilianza Mirror Indy, chombo cha mtandaoni kisicho cha faida, kinachosomwa bure na kulipiwa na wafadhili. Mpango wake mmoja naupenda: wakazi wa kawaida hufundishwa na kulipwa kuhudhuria mikutano ya hadhara na kuandika kilichosemwa. Bodi ambazo hazikuwa zimeona daftari la mwandishi kwa muda mrefu sasa zinaandikwa. Ni kazi nzuri na ni nafuu. Haijibu, hata hivyo, swali la Georgia. Mfadhili hupenda kugharamia kinachoonekana, na kesi ya kudai majalada inaweza kula miezi na fedha nyingi kisha majalada yakawa hayana kitu.

Pengine njia imekwisha kuonekana. Pulitzer ya habari za kitaifa ya mwaka 2021 ilikwenda kwa vyombo vinne kwa pamoja, likiwamo Star, kwa uchunguzi juu ya mbwa wa polisi wanaowararua watu. Ilibainika kwamba polisi wa Indianapolis walikuwa wakiongoza miji mikubwa ya Marekani kwa kiwango cha watu wanaong'atwa na mbwa hao, na idara ikabadili masharti yake ya kutumia mbwa. Washirika wawili walikuwa mashirika yasiyo ya faida: Marshall Project, lililobobea katika masuala ya mahakama na polisi, na Invisible Institute la Chicago. Walileta fedha, takwimu na uzoefu wa nchi nzima. Star lilileta waandishi wanaojua mitaa ya Indianapolis na wanaokumbuka ahadi za polisi wa mji huo. Wafadhili wanaotaka kurudia kazi ya aina hiyo wanazungumza sana juu ya programu, takwimu na ushirikiano. Ningependa kwanza kuona bajeti zao zina mstari wa mshahara wa mtu mmoja anayekwenda mahakama ya kaunti kila siku ya kazi, hata siku ambazo hakuna kesi ya maana, na mstari mwingine wa wakili.